Nakala Ambamo Sechelela Alipona

Sajini Yasinta Ndahani alijiumbua kwenye swali la nne.

Matatu ya kwanza yalikwenda vizuri. Alikuwa ameketi sebuleni kwa Mwalimu Zablon Chilewa, Kizota, daftari likiwa magotini, akiandika maelezo ya mlalamikaji huku karakana ya jirani ikikata vyuma vya mageti. Msumeno ukinguruma wote wawili walinyamaza, ukitulia wakaendelea. Kitabu kinaitwaje? *Taa ya Kintinku*. Kilianza kuuzwa lini? Mwezi wa kumi mwaka jana, kwenye simu tu, maana gharama za kiwanda cha uchapaji zilimshinda. Aligundua lini kwamba kinasambazwa bure? Wiki tatu zilizopita, kwenye grupu la WhatsApp la walimu wastaafu. Mwenzake mmoja alikituma humo na kuandika chini yake: "Hongera Mwalimu Chilewa kwa kutugawia kitabu chako."

"Ulimjibu?" Yasinta aliuliza. Hilo halikuwa kwenye orodha ya maswali yake.

"Nilimjibu ahsante. Ningemwambia nini mbele ya watu?"

Ndipo likaja swali la nne.

"Kitabu kina toleo moja tu, mwalimu? Kwa mfano kule sura ya kumi na tisa, pale mke wa mshika taa anapofikishwa hospitali ya Manyoni na kupona. Iko hivyo tangu mwanzo, au uliirekebisha baadaye?"

Mwalimu Zablon alikuwa na miaka sabini na mmoja, mrefu, mwenye mikono ambayo bado ilikaa kama imeshika chaki. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Sechelela hakupona," alisema.

Msumeno ulianza tena. Safari hii ulichukua muda mrefu. Uliponyamaza, mzee aliuliza kwa sauti ileile aliyomkaribishia chai: "Mwanangu, umesoma nakala ipi?"

Yasinta alikuwa na miaka minne kwenye dawati la makosa ya mtandao, na swali hilo amewauliza watu wengi. Angeweza kusema alikipitia jana kama kielelezo. Faili la shauri lilifunguliwa jana, na hakuna ambaye angembishia.

"Dada yangu alinitumia mwezi wa nne," alisema. "Nilikisoma chote kwa siku mbili, kabla lalamiko lako halijafika kwetu."

"Ulijua kinauzwa?"

"Sikuuliza. Nadhani sikutaka kujua."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayesikia jibu lisilo sahihi lakini la kweli. Akachukua simu yake, akatafuta, akampa. "Soma ya kwangu. Ni kurasa sita tu."

Yasinta alisoma. Katika kurasa hizo Machaku, mshika taa wa stesheni ya Kintinku, anampakia mkewe kwenye kiberenge cha reli ampeleke Manyoni. Sechelela anafariki njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa mumewe, na Machaku anaendelea kumsimulia habari za majirani mpaka wanapofika, kwa sababu anaogopa kunyamaza. Alipomaliza alichelewa kidogo kuinua uso.

"Sura hiyo niliiandika mara kumi na moja," mzee alisema. "Mke wangu Angelina alifariki hivyo, ila lilikuwa lori la alizeti, siyo kiberenge. Kitabu kizima nilikiandika ili nifike hapo. Kuibiwa kunauma, sikatai, maana nilikuwa nimeanza cha pili na sasa kimelala. Lakini hili sikuwa nimelijua. Wamemfufua mke wangu bila kuniuliza."

Yasinta aliomba ruhusa, akatoka uani, akampigia mkuu wake, Inspekta Raphael. Alimweleza bila kuzunguka kwamba nakala ya wizi ilikuwa kwenye simu yake na ameisoma.

"Liandike," Inspekta alisema. "Jina lako lianze, juu kabisa ya faili. Simu yako iwe kielelezo namba moja. Utapata barua ya onyo, hilo ujue. Kwa sasa sina mtu mwingine, endelea."

Akarudi ndani. Waliketi meza moja, mzee na nakala yake, yeye na ile ya wizi, wakalinganisha ukurasa kwa ukurasa mpaka chai ikapoa. Jambo la kwanza lilionekana mapema: nakala ile haikuwa imepigwa picha wala kuvunjwa kufuli la kuzuia kunakili. Kuna mtu aliyeketi akaichapa upya, neno kwa neno. Baada ya kila nukta aliacha nafasi mbili badala ya moja.

"Hivyo walifundishwa makatibu muhtasi wa zamani," mzee alisema. "Enzi za mashine za kupiga chapa."

Na herufi zilikuwa kubwa mno. Yasinta alipokisoma mara ya kwanza alidhani ni simu yake. Sasa alizipima: ukubwa wa ishirini na nne. Kitabu cha kurasa mia na tisini kilikuwa kimekwenda hadi mia nne na kumi.

"Na hapa, mwalimu, mwisho wa sura ya pili. Umeandika, 'Matone kwanza, halafu endelea.' Nilidhani ni maneno ya Machaku."

Mzee alivaa miwani. "Mimi sijaandika hivyo."

Walitafuta. Mwisho wa sura ya nne, matone kwanza. Sura ya sita, ya nane, ya kumi. Kila baada ya sura mbili, bila kuruka.

Yasinta aliweka kalamu chini. "Mwizi wa vitabu hafanyi hivi," alisema. "Anayetaka kusambaza hapotezi wiki nzima kuchapa, na hachapi kwa herufi za kujaza ukurasa. Huyu alikuwa anamchapia mtu mmoja. Mtu mwenye macho mabovu, anayetiwa dawa kwa saa, na anayesoma sura mbili kila kituo."

"Kwa nini basi kiko kila mahali?"

"Hilo ndilo sijalijua."

*

Waliokuwa wakikisambaza walikuwa wengi, lakini ujumbe wa zamani kuliko wote ulitoka kwenye chaneli iitwayo Rafu Huru. Mwenye chaneli alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, Mustapha, fundi simu mwenye kibanda Chimwaga, njia ya kwenda chuoni, kati ya mama ntilie na mshona viatu. Yasinta alikwenda huko mchana huohuo na hati ya upekuzi mkobani. Njiani alikuwa na hakika kwamba kama si Mustapha aliyekichapa, basi anamjua aliyekichapa.

Upepo wa mwezi wa sita ulikuwa ukipuliza vumbi mpaka ndani ya kibanda. Mustapha alikuwa akifuta kioo cha simu ya mteja. Alipoona kitambulisho alisogeza kiti.

"Karibu afande."

"Ahsante. *Taa ya Kintinku*. Nani alikupa?"

"Vitabu vinakuja tu, afande. Mimi ni kama mtu wa maktaba."

"Maktaba wananunua kwanza ndipo waazimishe. Na aliyeazima anarudisha."

"Wanachuo hawana hela."

"Za kukulipa wewe kila mwezi wanazo."

"Hiyo ni ya bando na muda wangu. Kitabu chenyewe nawapa bure."

"Mwandishi anapata nini?"

"Anasomwa." Mustapha alisema hivyo bila dharau, kama mtu aliyelifikiria na kuridhika nalo. "Nina watu elfu tatu humu. Wangapi wangemjua mzee huyo bila mimi? Na wewe afande, samahani, simu yako ikipekuliwa haina hata kimoja?"

"Kilikuwemo kimoja, hiki hiki. Simu yangu imeshakuwa kielelezo, na jina langu liko kwenye faili juu ya lako. Sasa naomba ya kwako, na hiyo kompyuta."

Mustapha akaitoa simu.

"Ulikichapa wewe?"

"Mimi niketi nichape kurasa mia nne? Nina kazi zangu, afande." Alifungua kompyuta mwenyewe, akaonyesha. "Kiliingia hapa tarehe tisa mwezi wa tatu. Mwanachuo mmoja alileta flashi niitoe virusi. Nikaona faili, nikalifungua, nikasoma kidogo. Nilipokuja kushtuka mama hapo jirani anafunga. Nikamwomba yule mwanachuo nikinakili. Jina nilibadilisha mimi, lilikuwa limeandikwa BABA."

"BABA tu?"

"BABA tu. Yeye mwenyewe alikuwa amekiokota kwenye kompyuta ya steshenari alikokwenda kuprinti kazi ya darasa. Kilikuwa hapo mbele kwenye kioo, akakibeba."

"Steshenari ipi?"

"Sikuuliza."

Lile faili la kwanza lilikuwa bado lipo. Yasinta alifungua sehemu inayoonyesha kompyuta iliyolitengeneza. Tarehe: kumi na saba Januari. Mtengenezaji: Mbalamwezi 2.

Aliandika orodha ya vitu anavyochukua, Mustapha akasaini, akaambiwa aripoti Jumatatu. Alipokuwa akifunga mfuko wa vielelezo kijana alisema, "Afande, ile sura ya mama yule kupona. Niliwatumia watu wengi kwa sababu ya hiyo. Wengi humu wana wagonjwa nyumbani."

Yasinta alimaliza kufunga mfuko, akatoka.

Hatua mia mbili kutoka pale kulikuwa na kibao cha rangi ya bluu: MBALAMWEZI STESHENARI. Aliingia haraka kuliko inavyompasa askari. Ndani kulikuwa na kompyuta moja, na mwenye duka alimwonyesha leseni: wamefungua mwezi uliopita. Januari pale palikuwa saluni.

"Jina hili mmelitoa wapi?" Yasinta aliuliza.

"La dada yangu. Yeye ana duka lake Chang'ombe, la siku nyingi. Kule kompyuta ziko tatu."

*

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, Yasinta alisimama kwenye kaunta ya Mbalamwezi ya Chang'ombe akiwa amevaa kiraia. Mteja alikuwa yeye peke yake. Kwenye mashine ya katikati aliketi mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sweta limefungwa vifungo vyote, kucha fupi, mgongo umenyooka.

"Nina barua ya kuchapa," Yasinta alisema. "Ni fupi, nitakusomea."

"Karibu dada. Nisomee."

Yasinta alisoma sentensi nne za barua ya kuomba kiwanja, alizozitunga njiani. Mwanamke alichapa bila kutazama vidole. Kila ilipofika nukta, kidole gumba kiligonga mara mbili.

"Nitumie herufi za ukubwa gani?"

"Ishirini na nne," Yasinta alisema.

Mikono ya mwanamke ilibaki juu ya vibonye.

"Jina lako nani, dada?"

"Dorkasi Damas."

Yasinta alikuwa na orodha ya wanunuzi aliyopewa na Mwalimu Zablon, majina mia mbili na sita. La sitini na moja lilikuwa hilo. Alimwekea kitambulisho mezani, akakigeuza upande wake asome vizuri.

"Nimekuwa nikikungoja," Dorkasi alisema. "Tangu mwezi wa tatu, kila mtu anayeingia na daftari nadhani ni wewe."

Walikaa nyuma, kwenye chumba cha karatasi. Dorkasi alisimulia moja kwa moja, kama mtu aliyeipanga habari hiyo kichwani mara nyingi. Baba yake ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona herufi kubwa tu, na asubuhi tu, dirishani. Alifanya kazi reli miaka thelathini na nane. Dorkasi aliposikia kuna kitabu cha stesheni ya Kintinku alikinunua siku hiyohiyo. Lakini kwenye simu herufi hazikukubali kukuzwa, na kufuli lake halikuruhusu kuprinti.

"Nilimpigia mwandishi. Nikamuuliza kama ana cha karatasi. Akasema hana, na pole. Alisema vizuri tu."

"Hukumwambia ni cha nani?"

"Sikumwambia. Niliona ni mtu mkubwa, nitamsumbua."

Akaegemeza simu kwenye mashine ya kubania karatasi, akaanza kuchapa wakati wateja hawapo. Wiki tano. Akaprinti nakala moja, akaibaindi, akampelekea baba yake. Faili akaliacha kwenye kompyuta, akalisahau.

"Mwezi wa tatu akaja kijana na flashi, anataka kitabu kiprintiwe. Nafungua, naona kazi ya mikono yangu, mpaka yale maneno ya matone. Nilimwambia printa mbovu. Alipoondoka nikafuta faili, lakini nilijua limeshatoka."

"Hukuripoti."

"Sikuripoti. Nina baba, na nina kazi hii moja."

"Ulikinunua ukisome, Dorkasi. Hukununua ruhusa ya kukitengeneza kingine."

"Najua, dada. Nilikuwa najua hata nikichapa. Lakini kitabu nilikilipia, na macho ya baba hayawezi kukisoma. Hapo katikati nilitakiwa nifanye nini?"

Yasinta aliliandika swali hilo kama lilivyo.

"Na sura ya kumi na tisa?"

Kwa mara ya kwanza Dorkasi aliangalia pembeni.

"Mama alifariki mwaka juzi," alisema. "Tukiwa naye kwenye gari, Bahi hatujaipita. Baba alikuwa amemshika. Nilipofika pale kwenye kitabu nilikaa siku tatu sichapi. Kila jioni nilikuwa namsimulia baba nilikofikia; ananiuliza, vipi, mama yule kafika? Nikashindwa. Nikachapa kafika."

*

Sheria inataka kielelezo kitambuliwe na mwenye mali. Kwa hiyo saa nne na nusu Mwalimu Zablon alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba ya Dorkasi na baba yake, ya tatu nyuma ya duka, amevaa koti la suti na kofia. Yasinta alikuwa amemweleza kwa simu ya dukani yote aliyoyasikia. Mzee alisema tu anakuja.

Mlangoni alimsimamisha Yasinta kidogo. "Nimeona jina lako kwenye orodha ya wanunuzi. Umekinunua jana jioni."

"Halifuti nilichofanya, mwalimu."

"Halifuti. Lakini nimeliona."

Ndani, Mzee Damas alikuwa ameketi dirishani, blanketi mabegani, jua limemwangukia mikononi. Juu ya mapaja yake kulikuwa na kitabu kinene kilichobaindiwa kwa waya wa plastiki, pembe zimechakaa.

"Shikamoo baba," Yasinta alisema.

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Mbukwa, mzee mwenzangu," Zablon alisalimia kwa Kigogo.

Damas aligeuza uso kuelekea sauti ile, akaitikia, wakaulizana habari za nyumbani na za mvua, taratibu, mpaka zikaisha. Dorkasi alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mimi ndiye niliyekiandika hicho ulichoshika," Zablon alisema.

Mzee Damas alikiinua kitabu kwa mikono miwili, kama anayemrudishia mtu mtoto wake. "Basi nina ugomvi na wewe. Mshika taa wako hajui kupunga bendera ya kijani. Ukurasa wa thelathini. Anapunga kama anafukuza kuku."

Zablon alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kukitarajia. "Nitarekebisha."

"Mengine yote ni kweli. Hata harufu ya grisi. Nimekisoma mara tatu."

Yasinta alisubiri, halafu akafanya kazi yake. Alieleza kwamba kitabu hicho ni nakala isiyoruhusiwa, kwamba nyingine zimetokana na faili lake na kusambaa, na kwamba kwa utaratibu analazimika kukichukua. Alipokuwa akisema hivyo vidole vya Damas vilikuwa vikitafuta ukingo wa kitabu.

"Mwanangu alikosea?" Damas aliuliza.

"Alikosea, baba."

"Na mimi niliyesoma?"

"Wewe hukujua."

"Nilijua," Damas alisema. "Kwenye duka la vitabu hawamwandikii mtu atie matone."

Mwalimu Zablon alisogeza kiti karibu. "Afande, mwenye kitabu akiruhusu nakala moja, unaichukua?"

Yasinta alifikiri. "Ikiwa na ruhusa yako ya maandishi, naipiga picha, kurasa zote za lazima, naiacha kwa dhamana yake. Lakini utaandika tarehe ya leo. Siwezi kupokea ruhusa iliyorudishwa nyuma hadi Januari."

"Na lalamiko langu?"

"Dhidi ya anayeuza linaendelea. Dhidi ya Dorkasi, ukitaka kuliondoa utaandika kwa mkono wako, nami nitalipeleka. Uamuzi ni wa wakubwa. Naona atakuwa shahidi, ila siwezi kukuahidi."

Zablon aliandika yote mawili, kuondoa lalamiko na kutoa ruhusa. La kwanza kwenye karatasi ya Yasinta, la pili kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu, kwa herufi kubwa za ubaoni: *Nakala hii nimeiruhusu mimi niliyekiandika, isomwe na Mzee Damas na atakayemsomea.* Akasaini, akaweka tarehe. Kisha akamgeukia Dorkasi, ambaye hakuwa amesogea mlangoni.

"Ulinipigia simu mwezi wa kumi na moja," alisema. "Nakumbuka. Ningekuuliza cha nani, tusingefika hapa. Nilikuwa na haraka ya kukata."

"Nisamehe, mwalimu. Sikukuuliza kuhusu mama yule."

"Jana sikulala vizuri kwa ajili hiyo. Nilikuwa na hasira na wewe kabla sijakujua." Alizungusha kalamu mkononi. "Halafu nikakumbuka. Mara ya kwanza nilipoiandika sura ile, mimi pia nilimponya. Alifika, akapona, akaomba uji. Nilikaa na karatasi hizo wiki nzima nikizisoma. Halafu nikazichana, maana Angelina hakuomba uji."

Dorkasi alifunika mdomo kwa mkono.

"Kwa hiyo hakufika," Mzee Damas alisema.

"Baba," Dorkasi alianza.

"Nilijua hilo nalo. Umeandika kiberenge kimetoka Kintinku, mara wako Manyoni, jua halijasogea. Mimi nimeendesha kiberenge pale miaka kumi na miwili. Kuna mlima wa Saranda. Pale unapanda mpaka unasahau ulikotoka, na mtu mwenye hali ile hafiki." Alinyoosha mkono, akangoja mpaka Dorkasi alipokuja kuushika. "Nikasema, huyu si mwalimu, huyu ni Dorkasi. Nikanyamaza. Niliona unataka niamini, nikaamini."

Yasinta alifunga daftari. Yaliyobaki ya kuandika hayakuwa ya faili.

"Kile cha kweli kiko wapi?" Damas aliuliza.

"Kwenye simu yangu, baba," Dorkasi alisema.

"Nisomee."

"Mwalimu yupo. Akusomee mwenyewe."

"Mwalimu ameshakisoma. Nisomee wewe."

Dorkasi alimtazama Zablon, naye akaitikia kwa kichwa na kuvua kofia. Dorkasi aliketi sakafuni karibu na miguu ya baba yake, akatafuta sura ya kumi na tisa kwenye ile simu ndogo aliyokinunulia kitabu, akaanza. Sauti ilikuwa ya kunong'ona mwanzoni. Machaku akamfunga mkewe shuka mbili. Akamwambia jirani amwangalizie kuku. Kiberenge kikaondoka. Dorkasi akasoma kwa haraka, haraka zaidi, akitaka kufika upande wa pili wa maneno yale kabla hayajamshika, mpaka baba yake alipomwekea mkono begani.

"Soma taratibu, mwanangu," alisema. "Hapo wanapanda mlima."

Dorkasi akavuta pumzi, akarudi mstari mmoja nyuma, akasoma taratibu.